Diski ya Salamu na Kidole cha Magesa

Kidole chake kilikuwa na mafuta ya kuku. Magesa alikuwa hajamaliza kula, paja lilikuwa bado kwenye sahani juu ya mafaili, na kidole kile kile alichokuwa anachokonolea mfupa ndicho alichokiweka kwenye mausi ya kompyuta ya ofisi. Diski yangu alikuwa ameshaichomeka, taa yake ya bluu inapepesa. Kwenye kioo kikatokea kijisanduku cha maneno ya Kiingereza. Akayasoma, halafu akatutafsiria kama anayemsomea mtoto: diski hii haisomeki, ni lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Nikasimama. Katika maneno yote ya kompyuta, hilo la kufomati nilikuwa nalijua, maana nilishaliona likila vitu vya watu. Nikasema, "Mzee, samahani, usibonyeze. Kwangu inafunguka. Naomba nikalete mashine yangu, kesho asubuhi nitakuwa hapa nayo." Hakunitazama mimi. Alimtazama Mwita, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wageni na soda mkononi. "Huyu mama anataka kunifundisha kompyuta," akasema. "Mama, umesoma mpaka darasa la ngapi?" Nikasema la tano. Mwita akacheka mpaka soda ikamtokea puani. "Kaa chini, wa la tano," Magesa akasema, na akabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa, ukajaa. Akafungua diski, akageuza kioo ili kila mtu aone, kukawa kweupe. "Tupu," akasema. "Hamna kitu. Umetupotezea muda." Akapangusa kidole kwenye karatasi ya serikali na kurudi kwenye paja lake. Hivyo ndivyo mdogo wangu Chacha alivyofanywa mwizi.

Nisingeandika haya. Mkono wangu haujazoea kalamu, na nilishajiambia hayo mambo yazikwe. Lakini mwezi uliopita nilikwenda msibani Nyamisangura, hapa hapa Tarime mjini, nikakuta chini ya turubai mzee mmoja mnene wa kofia anazungukwa na watu kama bwana harusi. Nilimjua kwa kidole kabla sijamjua kwa uso. Magesa amestaafu. Hakunikumbuka, nilimwamkia shikamoo kama wengine, akasema marahaba mwanangu, na nywele zangu zina mvi kama zake. Halafu akaendelea na hadithi yake. Simu yake ilikuwa imeharibika, kijana wa dukani alipoitengeneza akazifuta picha za wajukuu. "Zote jamani! Hata ya yule wa kwanza siku anazaliwa. Unajua picha ni kitu gani? Nilimwambia yule kijana, wewe huna utu. Mtu anakuletea maisha yake, unabonyeza tu?" Wamama wakaguna, wakasema pole baba. Mimi nilikuwa na sahani ya pilau magotini. Niliiweka chini, nikaenda nyuma ya choo na kutapika. Nisifiche: sikutapika kwa uchungu. Nilitapika kwa kinyaa.

Mwaka ule nilikuwa machimboni, upande wa Serengeti, mahali ambapo wachimbaji walipaita Rudi Kesho. Dhahabu ilikuwa imetoka kwenye shamba la mihogo, na kabla mihogo haijakauka watu walishajaa, Wakurya wa huku kwetu, Waluo, Waikoma, Wasukuma, Waha, na wengine ambao hata lugha zao sikuzijua. Watu wakisema dhahabu wanaona pete. Mimi naona kikaango. Kule kikaango alichochomea mtu zebaki usiku ndicho alichokaangia mayai asubuhi, akakisugua na majani kidogo, akakuambia karibu. Choo kilikuwa kimoja, na kisima kilikuwa chini yake. Mimi nilikuwa na kibanda cha mabati na maturubai, jenereta nje, mabenchi ndani, ninaonyesha mpira na picha za mapigano. Chacha alinisaidia kukijenga kabla hajaingia duarani kwa Mwita. Kwa mpira peke yake nisingeishi. Kilichonilisha ni salamu.

Salamu zilikuwa hivi. Wachimbaji wengi hawakuandika barua, na simu kule zilikamata ukipanda juu ya mwamba tu. Lakini kwao, Kahama au Kigoma, hakukosekana jirani mwenye deki na televisheni. Basi mtu alikuja kibandani, nikampiga picha za video kwa kamera yangu ndogo, akaongea na watu wake, nikaziweka kwenye sidii, na sidii ikasafiri na kondakta wa basi. Kulikuwa na shati moja jeupe lililoning'inia kwenye msumari. Tuliliita shati la salamu. Kila mtu alilivaa, mrefu kwa mfupi, akalivua akamwachia wa nyuma yake. Na sahani ya wali na nyama iliazimwa kwa mama lishe wa jirani, kwa sharti kwamba haigusi mtu. Masanja, Msukuma aliyekuwa rafiki wa Chacha, aliishika ile sahani mbele ya kamera na kusema, "Mama, mimi nakula vizuri, usikonde," akameza mate, kamera ikizima mama lishe anaipokonya. "We Masanja, umeramba!" "Sijaramba, dada, nimenusa tu." "Kunusa nako ni kula!" Tulicheka. Hicho ndicho kicheko pekee cha mwaka ule ambacho hakinichefui nikikikumbuka.

Kompyuta nilikuwa nimeinunua Sirari kwa kijana aliyeivusha kutoka Isebania. "Hii mashini ni moto, mathe, haiwezi kukusumbua hata siku moja," aliniapia. Siku ya kwanza haikunisumbua kweli. Siku ya pili wachimbaji walianza kuchomeka flashi zao na kadi za simu wakitaka nyimbo, na kila flashi ilikuja na virusi vyake kama chawa kwenye blanketi. Mafaili yakageuka alama za mshale, nyimbo zikajificha, mashine ikawa inazima peke yake katikati ya penalti, watu wanavunja benchi. Ndipo akatokea Deo. Deo alikuwa fundi wa redio kutoka Mwanza aliyekuja kutafuta dhahabu akaogopa kushuka shimoni. Akasema, "Dada Bhoke, dawa ipo. Tunaing'oa Windows, tunaweka Linux. Haina virusi na ni ya bure." Neno bure linanunua maskini haraka kuliko pesa. Akaweka sidii yake, akabonyeza, na kufikia jioni mashine ilikuwa na sura mpya, safi, inaniangalia kama mgeni asiyejua kwamba mimi ndiye mwenye nyumba.

Niliteseka na kitu kile. Sinema iliyokuwa inacheza jana ikawa giza, sauti hamna, mashine inaniambia kuna kitu inakosa na nikakichukue kwenye intaneti. Intaneti ipi, Rudi Kesho? Nikaifunga mashine kwenye kanga, nikapanda nayo bodaboda, halafu gari, mpaka Tarime mjini, kwenye duka la intaneti Nyamisangura, vijana wakanitazama kama nimempeleka mgonjwa hospitali ya ng'ombe. Nikarudi, picha zikacheza. Halafu sidii zikawa zinaingia hazitoki. Nabonyeza kitufe, mlango haufunguki, mashine inasema sidii bado inatumika, kumbe kuna dirisha lingine la nyimbo nimelisahau wazi nyuma. Mimi sikujua, nikauchokoa mlango kwa sindano ya kushonea magunia. Halafu siku nyingine nachomeka diski yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa mbuzi wangu mwenyewe, inaniambia sina ruhusa. Ruhusa ya nani? Nilikaa pale nikaitukana kwa Kikurya mpaka Chacha akaingia mbio akidhani nimevamiwa. Na ile sidii ya kwanza ya Masanja ilirudi na kondakta kutoka Kahama pamoja na ujumbe: mama anasema haimwonyeshi mtoto, inaonyesha bluu tu. Nilikuwa nimezipanga picha kama mafaili ya kompyuta, wala si kama sinema ambayo deki inaijua. Deo alinifundisha kuchagua vizuri, na ya pili ikamfikia. Tuliambiwa mama yule aliigusa televisheni.

Nitamsema Deo kwa haki, ingawa na yeye yumo kwenye orodha yangu ya lawama. Alifundisha kwa lugha ya pale pale. "Diski ni kama mtu wa duara," alisema. "Ana kamba. Huku kwenye Linux unaipandisha kwanza ndipo uone kilichomo, na ukimaliza unaishusha ndipo uchomoe. Ukichomoa kabla hujaishusha, umekata kamba mtu akiwa anafanya kazi." Chacha alikuwa amekaa mlangoni anakula ugali na dagaa, matope yamemkauka mpaka kwenye kope. Akasema, "Mura," yaani kijana, "wewe umeogopa kushuka ndiyo maana mambo yako yako kichwa chini. Sisi tunashuka ndipo tunafanya kazi, tukipanda ndio tumemaliza." Deo akacheka, akasema sawa, geuza, lakini kamba ni ile ile. Nikaishika hiyo. Sikuchomoa tena kitu bila kukishusha. Lakini jenereta halikufundishwa na Deo. Lilizimika siku moja diski ikiwa imepandishwa, na kuanzia hapo diski ikagoma: inakubali kusomwa, kuandikwa haikubali. Deo akazitoa salamu zote akaziweka kwenye mashine, akaifomati diski kwa mtindo wa Linux yenyewe, akazirudisha. Nilikaa naye nikiona kila kitu kikifutika, nikashika moyo, nikaona kikirudi. "Sasa inaongea lugha ya nyumbani kwake," alisema. "Haitakusumbua tena." Kweli haikunisumbua tena mimi. Ila hakuniambia kwamba kompyuta za watu wengine, zile za maofisini, zikiikuta diski ya namna hiyo hazitaielewa, na kwa kutoielewa zitasema haina kitu na zitaomba zifute. Sentensi moja tu, Deo. Wiki ile ile alisikia dhahabu imetoka mahali pengine upande wa Geita, akafunga begi, akaondoka na bisibisi zangu.

Sasa nifike kwenye asubuhi yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na maduara mengi yalikuwa yamesimama. Walikuja wanne kibandani kutoa salamu kabla ya kazi: Chacha, Masanja, na wenzao wawili, Sospeter na Juma. Walibadilishana lile shati. Nilipiga nje, kwa sababu jenereta lilikuwa linapumzika na mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri, na nyuma yao lilionekana duara la Mwita na winchi yake ya miti. Chacha ndiye alikuwa wa mwisho. Alikuwa hata hajafika mbali na maneno yake Mwita akaingia kwenye picha, na koti lake la mvua, akapiga makofi. "Nyie mnasalimia mpaka saa ngapi? Shukeni. Maji yamepungua." Chacha akageuka, shati la salamu bado mwilini, akasema, "Bosi, ukuta wa upande ule unamwaga udongo tangu jana. Yale magogo uliyoahidi yako wapi?" "Magogo yanakuja. Shuka, mura. Kama wewe unaogopa, wapo wanaotaka." Wakashuka. Kamera ilikuwa inaendelea. Mimi nikaliwasha jenereta kidogo tu, nikaiweka kadi kwenye mashine, nikahamishia kila kitu kwenye diski, nikaishusha diski kama nilivyofundishwa, nikaifuta kadi ili itumike jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila siku. Sidii nilipanga kuzitengeneza jioni, jenereta likiwaka saa nyingi. Mama lishe alikuwa ameanza kusonga ugali wa mchana tuliposikia. Si mlio mkubwa. Ni kama mtu mnene anapokaa kwenye godoro.

Duara lilikuwa limewafukia. Waliwatoa kesho yake jioni, wote wanne wamekufa. Lile shati Chacha alikuwa amelivua, lilikuwa limekunjwa juu ya ukingo na jiwe juu yake ili upepo usilichukue. Na kabla hatujawaosha, Mwita alishasambaza neno: hao ni wavamizi, waliingia usiku kuiba mawe yake, duara lilikuwa limefungwa, yeye mwenyewe alilifunga kwa ajili ya mvua. Waliomsikia asubuhi ile walikuwa wachimbaji wake, na mchimbaji akisema ukweli leo kesho hana duara la kushuka. Wakanyamaza. Mama lishe naye alinyamaza. Kibanda chake kilikuwa kwenye ardhi ya Mwita. Tulimpeleka Chacha nyumbani, Tarime. Nilikuwa jikoni napika uji wa waombolezaji, na wale wamama wawili waliokuwa wanachambua mchele hawakujua niko nyuma ya ukuta. "Anazikwa saa ngapi?" "Saa nane. Mimi sikai sana." "Hata mimi. Mwizi kafia kazini, unamlilia nini?" Ule uji niliupika nikaumaliza, nikawapelekea, wakaupokea kwa mikono miwili, wakasema pole sana dada. Nikawatazama wanavyokunywa. Mpaka leo harufu ya uji wa ulezi inanirudishia sauti zile.

Sikubishana na mtu, kwa sababu nilikuwa na diski. Niliifunga kwenye kitambaa ndani ya sufuria, nikakaa nayo mpaka wakatuita kwenye kikao cha kuamua nani alaumiwe. Ofisi yenyewe sitaitaja, maana ofisi haina vidole. Kidole ni cha Magesa. Nilimpigia magoti, nikamweleza: hapa ndani wapo, wako hai, wanasalimia watu wao, na Mwita anawashusha mchana kweupe. Mwita alipolisikia hilo, uso wake ulibadilika rangi. Ungeona ni mtu anayejua kilichomo. Na mengine nimeshayasema. Sijawahi kujua kama Magesa alikuwa amelipwa au alikuwa mjinga tu aliyezoea kubonyeza ndiyo bila kusikiliza. Watu huniuliza kama vile kuna tofauti. Kwangu ujinga wake ndio unaonuka zaidi, kwa sababu mla rushwa angalau anajua alichokifanya.

Na haikuishia pale. Diski yenyewe aliikatalia, akasema inabaki kama kielelezo. Kielelezo cha nini, kama ni tupu? Nilikwenda na kurudi pale mpaka mlinzi akawa ananiita shemeji. Siku walipoirudisha, nilipanda nayo moja kwa moja Nyamisangura, kwenye lile duka la intaneti, kwa fundi mmoja aliyekuwa na sifa ya kufufua vitu vilivyofutwa. Aliniambia maneno ambayo Deo hakuniambia: mara nyingi diski ikifutwa hivi, vitu vinabaki chini, kama udongo umewaangukia tu, mtu akiwahi, na juu pasiwekwe kitu kingine, unaweza kuwachimbua. Alisema hivyo hivyo, kuwachimbua. Nikakaa kwenye kiti chake, nimeshika ukingo wa meza, nikasema chimba. Akachimba. Kioo kikaanza kuleta picha moja moja kutoka juu, na kila moja nilisogeza uso. Ilikuja keki. Keki ya ghorofa tatu, ya rangi ya waridi. Ikaja sura ya msichana mwenye gauni jeupe, analishwa kipande. Ikaja ya Magesa anacheza, kofia mkononi. Kipaimara cha binti yake, video ya siku nzima, na nyimbo mamia za kuchezea. Alikuwa ameichukua diski ya marehemu wangu akaijaza sherehe yake, ikafurika mpaka chini walikokuwa. Na katikati ya picha zile, kwenye meza kuu, karibu na padri, alikuwepo Mwita anakata nyama. Fundi alitafuta mpaka akachoka. Chini ya keki hakukuwa na mtu. "Mama," akasema, "huyu aliyeandika juu ndiye aliyemaliza kabisa." Hakunidai chochote. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na mchuuzi wa miwa akaniuliza kama naumwa tumbo.

Mama yake Masanja aliletewa habari kwamba mwanawe alikufa akiiba. Anayo ile sidii moja, ya sahani ya wali. Mimi ninalo shati. Chacha sina hata sauti yake, na wanawe wamekua wakiambiwa shuleni kwamba baba yao ni mwizi.

Basi Magesa, uliyepewa pole msibani kwa picha za wajukuu, na mimi nikiwa nimekaa karibu yako nimeshika sahani: sikudai diski. Nataka unijibu. Nilikuambia usibonyeze, ulinisikia, na kulikuwa na kesho. Ni nini kilikufanya ushindwe kungoja kesho? Na ulipoiweka keki ya binti yako juu ya ndugu yangu, ulijua ulikuwa unaiweka juu ya nani? Nawe Mwita, ambaye sasa unakaa kiti cha mbele kanisani Tarime: simama siku moja tu, mbele ya watu, mchana, useme nani aliwashusha Chacha, Masanja, Sospeter na Juma asubuhi ile. Wewe ulikuwepo kwenye picha. Baada ya kidole kile, waliobaki wakijua maneno uliyoyasema ni wewe, mimi, na wale ulionyamazisha. Mimi nimeshasema yangu. Sema yako.